Baba Alipobaki na Neno Moja

"Baba yako hanijibu."

Mama alianza simu hivyo, bila salamu. Kwa Mama yangu, ambaye hata nyumba ikiungua atakuuliza kwanza umeamkaje, hilo peke yake lilitosha kunitisha. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili mwaka jana, saa moja na robo asubuhi, nimesimama stesheni ya Paddington na kikombe cha kahawa mkononi.

"Hajibu vipi? Amelala?"

"Yuko macho. Yuko hapa jikoni. Ananitazama tu. Chai imemwagika mezani."

Nikamwomba amwambie Baba anyanyue mikono yote miwili. Nikamsikia akimwambia, kwa sauti ile ya upole anayotumia kwa watoto wadogo. Kisha akarudi kwenye simu: "Amenyanyua mmoja."

Nikamwambia akate, apige 999. Ofisini sikwenda tena. Nilipanda treni ya Reading, na njia nzima nilikuwa nasema "tafadhali, tafadhali, tafadhali" kama mtu aliyepagawa. Nadhani nilikuwa naomba.

Wale mliosikiliza kipindi chetu cha wazazi kuzeeka ugenini mlinisikia nikisema kwa kifupi kwamba Baba aliugua. Baadhi yenu mliniuliza: ilikuwaje, na imani yako ilikuwaje? Swali la kwanza ni rahisi. La pili nimekaa nalo zaidi ya mwaka.

Mtu wa maneno

Lazima mjue kwanza Baba ni mtu wa namna gani. Alitoka Machame, Kilimanjaro, akaja Uingereza miaka ya 80, na akaendesha basi mpaka alipostaafu. Lakini kazi yake halisi, ukiuliza Watanzania wa huku kwetu, ilikuwa kusema. Send-off, kipaimara, msiba, kikao cha harusi: mshereheshaji ni yeye. Kwenye ibada yetu ya Kiswahili, ile tunayofanya mara moja kwa mwezi Jumapili mchana katika kanisa la kuazima, yeye ni mzee wa kanisa na ndiye anayeongoza maombi. Alikuwa anaanza na viongozi wa dunia na kumalizia na mtoto aliyezaliwa wiki ile. Sisi watoto tulikuwa tunampima kwa saa. Rekodi ni dakika kumi na moja.

Imani kwetu ilikuja kama jina la ukoo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na babu yake Baba alikuwa miongoni mwa waliobatizwa katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo mimi sikuwahi kuamua kuwa Mkristo. Nilikuta nimeshakuwa, kama nilivyokuta nimeshakuwa na pua hii.

Kiharusi kilimpiga Baba upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi huko ndiko lugha inakokaa. Mkono na mguu wa kulia vikalegea. Maneno yakaondoka. Hali hiyo inaitwa afasia, na jambo la kwanza la kujua ni kwamba si kuchanganyikiwa. Akili ipo, watu anawajua, utani anauelewa. Njia ya kutoka kwenye wazo mpaka kwenye neno ndiyo imebomoka.

Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Madaktari walituuliza mara tatu: mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa saa ngapi? Jibu la Mama lilikuwa saa nne usiku, walipokwenda kulala. Baba aliamka kabla yake, na hakuna aliyejua kilianza lini. Dawa hakupewa.

Siku ya tatu akatoa neno. Moja. "Kumbe."

Ukimuuliza anataka maji: kumbe. Anaumwa: kumbe. Nani huyu amesimama hapa: kumbe, na machozi. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1861 huko Paris daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyebaki na silabi moja tu, "tan", na kwa kumchunguza ubongo baada ya kufa akapata kujua sehemu inayohusika na usemi. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu ndani ya basi. Mfaransa wa watu kabaki na "tan", Mmachame kabaki na "kumbe". Angalau letu lina maana.

Walivyotufariji

Wiki tatu baadaye kampuni niliyokuwa nafanyia kazi ilituita kikaoni na kutuambia idara yetu inafungwa. Nina miaka 34, ni mhasibu, na mshahara wangu ndio ulikuwa umeanza kubeba vitu alivyokuwa akibeba Baba: ada za binamu wawili Moshi, dawa za Bibi, mchango huu na ule. Niliposoma ile barua sikulia. Nilimtazama Mungu, kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyemkanyaga mguu mara ya pili.

Watu walikuja. Kwa hilo nawashukuru mpaka leo. Lakini walikuja na maneno. "Mungu ana makusudi yake." "Hatupi mzigo tusioweza kuubeba." "Shukuru, kuna waliokufa." Niliitikia "amina" kwa kila mmoja, maana nimelelewa vizuri, halafu nikaenda chooni nikafungulia maji ili nisisikike.

Kisha akapiga simu mhubiri mmoja mgeni, aliyekuwa anapita miji ya huku. Sitamtaja. Alimuuliza Mama kama kuna mlango ulioachwa wazi nyumbani mwetu. Alimaanisha dhambi, au ahadi kwa Mungu ambayo haikutimizwa. Usiku ule nilimkuta Mama sakafuni chumbani, amezungukwa na bahasha za sadaka za miaka kumi, anazihesabu moja moja kutafuta ipi ilikosa. Mama yangu, aliyekuwa anatoa fungu la kumi hata kwenye pesa ya likizo.

Hapo ndipo nilipoacha kuomba. Sikutangaza wala sikugombana na mtu. Niliacha tu, kama unavyoacha kumpigia mtu asiyepokea simu.

Kiswahili cha vyumba viwili

Sasa kuna jambo ambalo ninyi mtalielewa haraka kuliko wengine. Kiswahili changu kina vyumba viwili: jikoni na kanisani. Najua mwiko, sufuria, kamua limau, funga mlango baridi inaingia. Na najua neema, rehema, utukufu, ondoleo la dhambi. Katikati ya hapo pana shimo. Daktari aliponiomba nimuulize Baba kama mkono una ganzi, sikulijua neno ganzi. Msichana mwenye shahada mbili, nikamuuliza baba yangu kama mkono wake "umelala".

Vipimo vya kwanza vya usemi walimfanyia kwa Kiingereza, na kwenye fomu wakaandika kwamba uelewa wake ni mdogo. Mimi nikiwa nimekaa pale nilijua si kweli, maana nilipomnong'oneza kwa Kiswahili kwamba yule nesi ana viatu kama vya shangazi, alicheka. Mtu wa lugha mbili anaweza kupoteza moja zaidi ya nyingine, au zikarudi kwa mwendo tofauti. Niliwaomba waanze upya kwa Kiswahili. Walikubali, na mkalimani akawa mimi, na vyumba vyangu viwili.

Mtaalamu wa tiba ya usemi alikuwa binti wa umri wangu, mvumilivu sana. Alimwonyesha Baba picha: kikombe, kiti, mbwa. Kumbe, kumbe, kumbe. Baba akaanza kutoa jasho. Mama alikuwa pembeni na chakula kwenye hotipoti, mtori, na alipoona kipindi kimekwisha akafanya anachofanya kabla ya kila mlo. Akafumba macho, akaanza Sala ya Bwana.

Na Baba akaingia. Kutoka mstari wa pili mpaka amina. Kila neno, kwa ile sauti yake ya mzee wa kanisa, na lafudhi yake ya Kimachame iko vilevile.

Mama akaangusha kijiko. Mimi nikakimbilia simu kurekodi, nikachelewa. Baba akatutazama kwa mshangao kama sisi. Akasema: "Kumbe!"

Muujiza, au ubongo?

Kufikia jioni habari ilikuwa imefika kila kundi la WhatsApp kutoka Reading hadi Moshi. Muujiza! Watu waliimba kwenye simu. Mimi nilikuwa nimebaki na sentensi ya yule mtaalamu, aliyoisema kwa upole kabla hatujaondoka: hili tunaliona mara nyingi.

Alinieleza hivi. Maneno tuliyoyarudia maelfu ya mara, kama kuhesabu, siku za wiki, sala na nyimbo, hayapiti njia ileile ya maneno mapya. Wimbo hasa unashirikisha pia upande wa kulia wa ubongo, ule ambao kwa Baba ulikuwa mzima. Miaka ya 1970 wataalamu wa Boston walitengeneza tiba inayotumia mlio wa kuimba kuwasaidia watu wa aina yake kusema tena. Na mwaka 1745 Msweden mmoja, Olof Dalin, alichapisha habari za kijana wa shamba aliyepooza upande wa kulia na kupoteza usemi, lakini kanisani, mtu akimwanzishia wimbo wa dini alioujua zamani, aliuimba wazi kama mzima. Hata sala alizoweza kuzisema kwa mahadhi.

Karibu miaka mia tatu! Nilifarijika, halafu nikakosa raha. Kwa sababu swali lililonibana halikuwa la sayansi. Kama sala ya Baba ni mazoea ya ubongo tu, kama kanda inayojicheza, je, ile ni sala? Na kama siyo, zile "amina" zangu zote tangu utotoni zilikuwa nini?

Tulianza kuimba naye kila jioni, kutoka Mwimbieni Bwana, kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Tanzania. Mimi niliimba kama tiba. Mama aliimba kama ibada. Tulikuwa kwenye sofa moja tukifanya vitu viwili tofauti.

Dakika arobaini na tano

Mwezi wa sita Baba alikuwa amerudi nyumbani. Usiku mmoja, baada ya kumlaza, nilikuwa naosha vyombo na Mama anapangusa. Nikamwambia ukweli: "Mama, mimi siombi tena. Naimba tu."

Nilitegemea mahubiri. Akaendelea kupangusa sahani ileile muda mrefu.

"Asubuhi ile," akasema, "niliingia jikoni saa kumi na mbili na nusu. Nikamsalimia. Hakujibu. Nikadhani amenuna."

Usiku wake walikuwa wamegombana. Shangazi aliomba pesa ya bati, Baba akaahidi bila kumuuliza Mama. Mama akasema maneno, Baba akageukia ukutani. Kwa hiyo asubuhi alipokuta mtu hajibu, alijisemea: nuna tu, mzee, hata mimi najua kununa. Akaenda kuoga. Akapiga pasi. Akarudi saa moja na robo.

Nilimwambia walichotuambia madaktari, kwamba walihesabu tangu saa nne usiku, na kwa habari ya ile dawa zile dakika zisingebadilisha kitu.

"Nimeelezwa," alisema. "Bado dakika arobaini na tano zile ni zangu. Unadhani mimi nikikaa pale kuomba namwambia Mungu nini? Unadhani namsifu? Wiki ya kwanza nilimtukana, mwanangu. Kwa Kimachame, ili wewe usisikie."

Sikujua niseme nini. Nikamuuliza sasa kwa nini anaendelea.

"Sasa nimwambie nani mwingine? Wewe?" Akacheka kidogo. "Usipokuwa na neno la kumwambia, mwambie huna neno. Usimnunie tu. Tulishanuniana humu ndani, tukaona."

Waliolalamika kabla yetu

Baada ya usiku ule nilirudi kwenye Biblia kwa mlango wa nyuma. Nilitafuta waliolalamika, na kusema kweli sikujua ni wengi hivyo. Sehemu kubwa ya Zaburi ni vilio. Ile ya 88 haina hata mwisho mzuri: mwenye kuomba anamaliza gizani, na hakuna aliyeifuta kitabuni. Ayubu analalama sura kwa sura. Rafiki zake walianza vizuri, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Walipofungua mdomo kumweleza sababu za msiba wake ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, wenye majibu, si yule aliyelalamika. Nilitamani kumtumia sura hiyo yule mhubiri.

Yesu msalabani, kwa Mathayo na Marko, analia kwa kuuliza mbona ameachwa, na wote wawili waliyaacha maneno hayo katika lugha yake mwenyewe kabla ya kuyatafsiri kwa Kigiriki. Nadhani walielewa kwamba mtu akiumia hivyo halii kwa lugha ya kazini. Na Paulo anawaandikia Warumi kwamba tusipojua kuomba, Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikotamkika. Aya hiyo niliikariri nikiwa Sunday school kwa ajili ya zawadi ya penseli. Sikujua kwamba siku moja ningekuwa na baba ambaye mambo yake yote hayatamkiki.

Nikaanza kuomba tena, vibaya. Sekunde kumi, ishirini. "Sina neno." "Bado nimekasirika." "Mtafutie Mama usingizi." Kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu ni cha kujieleza na kushawishi, na kwa Mungu nilikuwa nimechoka kujieleza.

Na niliona waliotusaidia ni kina nani. Mama mmoja wa ibada yetu hakuwahi kuniambia Mungu ana mpango. Alikuja kila Alhamisi, akasema "poleni", akachukua nguo chafu, akarudi nazo zimepigwa pasi. Kijana mmoja Mkenya, shabiki wa Arsenal kama Baba, alikuja Jumamosi kutazama naye mpira, wakifokea televisheni, mmoja kwa maneno na mwingine kwa kumbe. Yule hakujua kama alikuwa anatuhubiria.

Kazi nilipata baada ya miezi mitano, mshahara mdogo kidogo. Siwezi kuwaambia ni kwa sababu ya maombi. Niliomba, na pia nilituma maombi ya kazi sitini na mbili.

Mahali aliposimama

Jumapili moja mwezi uliopita tulimpeleka Baba ibadani. Sasa anatembea na fimbo, na ana maneno thelathini na kitu. Jina langu ni moja wapo. Ibada ikafika kwenye Sala ya Bwana, na kanisa zima likaanza, Baba akiwemo.

Tulipofika pale panapoombwa mapenzi ya Mungu yatimizwe, Baba akanyamaza. Watu wakaendelea bila yeye. Yule mtaalamu aliwahi kuniambia kwamba maneno ya mazoea yanakwenda kama treni, ni vigumu kuyasimamisha katikati, na yakikatika mtu kwa kawaida inabidi aanze mwanzo. Baba aliangalia mkono wake wa kulia pale mapajani. Watu walipomaliza, yeye akaanza mwanzo, peke yake, kwa sauti ya chini. Akafika palepale. Akasimama tena.

Mama alimshika goti. Mchungaji akasubiri, Mungu ambariki. Kanisa zima likasubiri. Mara ya tatu Baba akafika pale, akavuta pumzi, akapita, akaenda mpaka amina.

Sijamuuliza alikuwa anafikiri nini. Hana maneno ya kunijibu, na labda hata angekuwa nayo yangekuwa yake na Mungu wake. Lakini kanda inayojicheza haisimami mara mbili mahali pamoja. Mimi niliyekuwa nikijiuliza kama ile ni sala, sikuuliza tena.

Imani yangu haijarudi kama ilivyokuwa. Ile ya zamani ilikuwa na hesabu: tunatoa, tunahudhuria, tunalindwa. Hiyo ilikufa jikoni Reading pamoja na kikombe cha chai. Niliyo nayo sasa ni ndogo, ina maswali, na wiki nyingine inabebwa na Mama na yule mama wa nguo kuliko mimi. Lakini inazungumza. Mama anasema hiyo inatosha kwa kuanzia.

Kipindi kijacho tutazungumza na wenzetu watatu wanaowauguza wazazi huku ugenini. Kabla ya hapo, nina ombi moja. Kaa na mzazi wako wiki hii umuulize maneno ya mwili kwa Kiswahili, au kwa kilugha chenu: ganzi, kizunguzungu, kichefuchefu, kubanwa kifua. Dakika ishirini tu. Na mkimaliza, muulize wimbo anaoupenda, uuimbe naye mpaka ujue maneno yote. Mimi nilijifunza huo wa Baba nikiwa nimechelewa. Anauimba sasa hivi chumba cha pili, na kila akifika kiitikio ananigongea ukuta kwa fimbo niingie.